Nani Anahesabu?

Mwezi wa sita vijana wetu walikuwa wanatayarisha igizo fupi kwa ajili ya tarehe 24, siku ya kuwakumbuka waliouawa hapa Ombaci mwaka 1981. Igizo lilienda vizuri mpaka likafika kwenye sentensi moja, likakwama. Msimulizi alitakiwa asimame mbele aseme, "Siku ile, hapa misheni, waliuawa watu..." halafu ataje idadi. Sasa ngapi?

Dada mmoja alikuwa amesoma mahali "zaidi ya hamsini". Mwingine akasema hapana, yeye anajua "karibu mia". Wakavutana wee, kila mtu na karatasi yake. Ndipo kijana mmoja, mtoto wa mchungaji, akataka kumaliza ubishi kwa njia yake. Akaniambia, "Yaya, tuseme sabini tu. Saba ni namba ya ukamilifu. Biblia yenyewe inapenda sabini. Na hata kwa sauti inatoka vizuri."

Nilimkaripia. Nilimwambia watu waliokufa si wimbo, hatuchagui namba kwa sababu ya mdundo. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza, kwani kosa la huyu mtoto ni nini hasa? Waandishi wa zamani walifanya hivyo hivyo mara nyingi. Nimeandika makala hii kumjibu, kwa sababu siku ile sikumjibu. Nilipaza sauti tu.

Tuanze na ile orodha. Siku hizi kila kijana anayo kwenye simu: 3 ni Utatu, 7 ni ukamilifu, 12 ni makabila, 40 ni majaribu, 666 ni yule Mnyama. Wanaisoma kama kitabu cha kutafsiri ndoto. Ukiota nyoka, maana yake hii. Ukikuta saba, maana yake hii. Mimi naona usomaji wa namna hiyo unatudanganya. Namba haitembei na maana yake mfukoni. Maana inatoka kwa mtu aliyehesabu, mahali aliposimama, na kitu anachodaiwa baada ya kuhesabu.

Mfano wa kwanza uko hapa hapa kwa wenyeji wetu. Kwa Walugbara, tatu ni namba ya mwanamume na nne ni ya mwanamke. Mtoto wa kiume akizaliwa, siku za kukaa ndani zinahesabiwa tatu. Wa kike, nne. Waacholi pia wanahesabu hivyo. Lakini vuka mpaka uende kwa Wajaluo wa Kenya, utakuta imegeuzwa: nne ni ya mwanamume, tatu ya mwanamke. Namba ni zile zile, na watu wa lugha za Kiluo ni ndugu, lakini maana imehama nyumba. Kitu ambacho hakikuhama ni kazi yake. Kote kule namba inamwambia mama lini atoke nje na lini watu waje kumwona. Inawadai jirani kitu. Siku ya tatu au ya nne ikifika na hakuna aliyekuja, hiyo ni aibu ya jirani, wala si ya mama.

Mfano wa pili ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua: Saba Saba. Kwa Mtanzania ni tarehe 7 mwezi wa saba, siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, na leo ni sikukuu na maonyesho ya biashara. Kwa Mkenya ni tarehe 7 Julai 1990, watu walipoingia barabarani kudai vyama vingi wakakutana na polisi. Sasa muulize mzee wa Uganda. Atakwambia sabasaba ni ule mzinga mkubwa wa wanajeshi wa Tanzania katika vita vya mwaka 1979 vilivyomwondoa Amin. Neno moja, saba mbili. Mmoja anasikia ngoma, mwingine anasikia virungu, mwingine anasikia mlio unaokuja toka mbali na kukumbuka shimo alimojificha. Ukimwambia huyo wa tatu kwamba saba ni namba ya ukamilifu, atakuangalia tu.

Kwa hiyo swali la kwanza la msomaji lisiwe "namba hii inamaanisha nini?" Liwe "nani anahesabu?" Na hapa nataka tusome hadithi mbili, moja ya pwani na moja ya Biblia, kwa sababu zote mbili zina mtawala anayehesabu vibaya.

Ya pwani ni hadithi ya Sultani Majnun na paka wake. Iliandikwa Unguja, na Askofu Edward Steere akaichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Wengi wetu tuliisikia kwa bibi bila kujua kwamba iko kitabuni. Sultani ana watoto saba na paka mmoja. Paka anaanza kula wanyama, kwanza wadogo, kisha wakubwa. Watu wanakuja kushtaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Paka anaongezeka, anafika kwa watu, na sultani bado yuko vile vile. Mpaka siku moja paka anawaua watoto watatu wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo anapofumbuka macho na kusema huyu si paka tena, huyu ni Nunda. Na atakayekwenda kumuua ni yule mtoto wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni.

Mwenye orodha atasema: ona, saba na tatu, namba takatifu. Sawa, lakini angalia zinafanya nini ndani ya hadithi. Kabla ya wale watatu, msimulizi hatupi hesabu ya watu walioliwa. Ni "watu" tu. Wanaingia kwenye mali ya sultani pamoja na mbuzi na ng'ombe. Hesabu ya kweli inaanza pale sultani anapojikuta amebaki na wanne katika saba. Huyo msimulizi wa Unguja alikuwa mkali sana, na hakutukana mtu. Alitumia namba kutuonyesha kwamba sultani alikuwa anajua kuhesabu siku zote. Hakuhesabu kwa sababu wafu hawakuwa wake.

Ya Biblia ni 2 Samweli sura ya 24. Mfalme Daudi anaagiza watu wahesabiwe. Jemadari wake Yoabu anajaribu kumzuia, anashindwa, anazunguka nchi miezi tisa na siku ishirini. Anarudi na matokeo: watu wa vita 800,000 katika Israeli na 500,000 katika Yuda. Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati sura ya 21, tukio lile lile. Kule utakuta 1,100,000 na 470,000. Hazikubaliani! Mwenyezi Mungu anakasirika, na Daudi anapewa achague adhabu moja katika tatu: njaa ya miaka, au miezi mitatu ya kukimbia mbele ya adui zake, au tauni ya siku tatu. Anasema afadhali aanguke mikononi mwa Mungu kuliko mikononi mwa wanadamu. Tauni inakuja. Wanakufa watu 70,000, na hapo vitabu vyote viwili vinakubaliana.

Banduku, mimi nimeisoma sura hii mara nyingi kambini, na kila mara kinachonishika ni ile miezi mitatu ya kukimbia. Daudi alishawahi kuwa mkimbizi. Alilala mapangoni akimkimbia Sauli, akavuka Yordani akimkimbia mtoto wake Absalomu. Mtu anayejua kukimbia, alipopewa kukimbia miezi mitatu tu, hakutaka kujiweka tena mikononi mwa wanadamu. Mhubiri akiniambia tatu katika sura hii ni Utatu, mi nitamwomba aisome tena pamoja na mtu wa Bidi Bidi au wa Lobule.

Kosa la Daudi lilikuwa nini? Kuhesabu peke yake si dhambi, kwa sababu Kutoka sura ya 30 inaruhusu watu wahesabiwe, ila kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Mimi naisoma sheria hiyo hivi: kila aliyehesabiwa ana thamani sawa na mwingine, na thamani hiyo inaandikwa pamoja na namba. Daudi alihesabu wenye panga tu, ajue nguvu zake. Lakini tumpe haki yake. Tauni ilipowapiga watu, alisimama akasema mwenye kosa ni yeye, hawa hawana hatia. Kwa hiyo ile sabini elfu, hata kama ni namba ya mviringo, hata kama mwandishi aliipenda kwa ajili ya ile saba, imeandikwa karibu na jina la mtu aliyekubali kudaiwa. Naomba mtoto wa mchungaji alishike hilo. Nitalirudia.

Sasa tuje kwa 666, kwa sababu namba hii imewahi kutugusa tumboni.

Mwaka 2018 serikali ya Uganda pamoja na UNHCR ilifanya uhakiki wa wakimbizi wote nchini, kwa alama za vidole na macho. Ulianza mwezi wa tatu ukaisha mwezi wa kumi. Kabla yake ilisemwa tuko kama milioni 1.4, baada yake tukawa kama milioni 1.1. Watu wakasema, kumbe wengine walikuwa hewa. Inawezekana, walikuwepo. Lakini mimi namjua mama mmoja wa mtaa wetu wa zamani, mwenye nyama na mifupa, ambaye hakwenda. Alisema mashine ile ni ya Mnyama, kwamba Ufunuo 13 umeandika wazi: asiye na chapa hataweza kununua wala kuuza. Alipoteza mgawo wa miezi kadhaa. Watoto wake walikula kwa majirani, na sisi wengine tulimcheka.

Leo nasema tulimcheka vibaya. Kama msomaji, mama yule alisoma vizuri zaidi yetu. Alielewa kisa: alama mwilini, na bila alama hakuna chakula. Si ndivyo ilivyokuwa? Mstari wa kula ulikuwa unapita kwenye kidole. Alipokosea ni kwenye kumtambua mtu. Yohana aliandika akiwa kisiwa cha Patmo, mbali na kwao, kwa ajili ya imani yake. Aliwaandikia watu walio chini ya dola ya Roma, na akawaambia wenye akili waihesabu namba hiyo. Herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, na wasomi wengi wanaona kwamba jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi hizo linafika 666. Kuna nakala za zamani zenye 616 badala yake, na jina hilo hilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini linafika hapo. Basi namba hiyo inaonekana ilikuwa lugha ya siri ya watu wanaoonewa, ya kumtaja mkubwa bila kumtaja. Ilikuwa silaha ya wanyonge. Sisi tumeigeuza ikawa kitu cha kututisha wenyewe.

Na kuna sura nyingine ambayo wenye kuhubiri 666 wanairuka. Ufunuo 7 una alama pia, kwenye vipaji vya nyuso, na ni alama ya Mungu. Wanahesabiwa 144,000, elfu kumi na mbili kwa kila kabila, hesabu safi kama ya ofisini. Halafu mara tu baada ya hapo Yohana anaangalia, anaona umati ambao hakuna mtu awezaye kuuhesabu. Vyote viwili viko ukurasa mmoja. Mwandishi hakuchagua kati ya rejista na umati.

Katekista mmoja ndiye aliyemsomea mama yule sura ya 7, taratibu, jioni mbili. Semina zote zilikuwa zimeshindwa. Alikwenda akaweka vidole. Mpaka leo anasema kidole gumba alikiombea kwanza.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti letu, nina neno kwenu hapa. Mnapoona watu wanaogopa kuhesabiwa, msikimbilie kusema ni ujinga. Makabila mengi ya Afrika Mashariki hayapendi mtu ahesabu watoto au ng'ombe kwa kuwanyooshea kidole. Hofu hiyo ina swali ndani yake: umenihesabu, sasa je? Mwezi wa saba 2023 WFP walitupanga makundi matatu. La kwanza likabaki na asilimia 60 ya mgawo, la pili 30, la tatu sifuri. Wiki haikuisha watoto walikuwa wanatukanana uwanjani, "We kategori tatu!" Hiyo ndiyo maana mpya ya tatu katika kizazi hiki, na haiko kwenye orodha ya simu. Najua pesa za wafadhili zilipungua. Lakini namba ikishatolewa bila mtu kurudi kukaa chini na wale waliohesabiwa kuwaeleza, watu wataipa maana wao wenyewe, na itakuwa ya matusi au ya Mnyama.

Lakini na sisi tusijidanganye kwa kusema, "Sisi si namba." Sentensi hiyo iko kwenye mashairi mengi ya vijana, na nimechoka nayo. Asiyehesabiwa hali. Asiyehesabiwa akifa, kesho mtu atasema hakuna aliyekufa. Ndiyo maana ubishi wa igizo letu ulikuwa ubishi wa maana.

Niwarudishe basi hapa misheni. Baada ya Amin kuanguka, wanajeshi wake wengi walirudi West Nile na kuvuka mipaka. Mwaka 1980 wakarudi na bunduki, na jeshi jipya la UNLA likawalipiza raia. Watu wengi wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan, yaani kule kule tulikotoka sisi. Waliobaki wengine walijificha misheni ya Wakatoliki hapa Ombaci, wakiamini msalaba na bendera ya Msalaba Mwekundu vitawakinga. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya kuzaliwa Yohana Mbatizaji, wanajeshi wa UNLA waliingia wakawaua. Kaburi la pamoja liko hapa, na kila mwaka watu wanakuja kuomba. Idadi hutofautiana kutoka andiko hadi andiko. Tarehe hakuna anayebishana nayo. Nadhani ndiyo sababu tarehe imekuwa namba takatifu ya mahali hapa. Watu walionyimwa hesabu wameishikilia siku.

Siku mbili kabla ya igizo nilimchukua mtoto wa mchungaji tukaenda kwa mzee mmoja jirani. Anasema Kiswahili cha kambi ya jeshi, kama wazee wengi wa huku. Kijana akamwamkia, akauliza, "Mzee, tunaomba utuambie, walikuwa wangapi?" Mzee akasema, "Namba ya kitabu mimi sijui, mtoto yangu. Ya kwetu mimi najua. Ya kwetu ilikuwa watu tatu." Akatuonyesha kwa vidole, akavishikilia hivyo kwa muda, kisha akauliza kama tumekunywa chai.

Njiani kijana alinyamaza. Karibu na barabara ya lami akasema, "Yaya, ile tatu haina maana yoyote, eh? Ni watu tu." Nikamwambia ina maana, ila ni mzee tu anayeweza kuisema, kwa sababu ni yeye anayedaiwa. Anadaiwa kuwakumbuka, na analipa kila mwaka.

Hilo ndilo jibu langu juu ya sabini. Ingekuwa namba nzuri isiyo na mwenyewe. Sabini elfu ya Daudi ina mfalme anayesema "ni mimi". Watatu wa sultani wana baba. Watatu wa mzee wana mzee. Sabini yetu ingekuwa na mdundo tu, na siku mtu akija na orodha ya kweli ya majina, angetuona waongo, na hata tarehe angeitilia shaka.

Kwa hiyo sentensi ya msimulizi tuliiandika upya. Alisimama akasema: "Tarehe 24 Juni 1981, hapa misheni, waliuawa watu. Wengine wameandika zaidi ya hamsini, wengine karibu mia. Wanaojua wa kwao wapo, tuwaulize." Ni sentensi ndefu, na mtoto wa mchungaji bado analalamika kwamba haina sauti. Lakini yeye ndiye aliyenunua daftari la kurasa 96, akachora mistari. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni ukoo, ya tatu ni nani aliyetuambia. Ukurasa wa kwanza una watu watatu.